Piki ya 4: nimchukue ranibeki mwenye gredi ya juu au nifuate thamani ya nafasi?

PikiYaNne:

Wakuu habari zenu. Nina jambo linaninyima usingizi toka juzi na drafti yetu, siku ya kugawana wachezaji wapya, ni Jumamosi, kwahiyo naombeni majibu ya kueleweka siyo ya mkato. Tuna ligi ya kuigiza umeneja wa NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, tuko watu 32, kila mtu na timu yake, ukomo wa mishahara upo, mikataba ya wachezaji wapya inapangwa kwa namba ya piki, yaani zamu ya kuchagua, kama ilivyo kulekule NFL, mchezaji anazeeka, anaumia, mkataba ukiisha anaweza akakukimbia. Yaani kila kitu ni kama kweli.

Nina piki ya 4 na ya 36. Kwotabeki, mrusha pasi, ninaye, kijana, anaingia mwaka wa pili, na ndo roho ya timu. Shida ni kwamba msimu uliopita kaangushwa sana kutokea upande wa kushoto kwasababu teko wangu, mtu wa pembeni ya laini anayemkinga, umri umeenda na miguu haimfikishi tena. Sasa kwenye bodi yangu ya gredi jina la juu kabisa ni ranibeki, mkimbiza mpira, nimempa 95. Chini yake kuna eji rasha, anayemvamia kwotabeki kutokea pembeni, 89, teko wa kushoto 88, na waidi risiva, mkamata pasi, 88. Nimerudia kuwaangalia wote mara mbili mbili na huyo ranibeki bado yuko juu, anakimbia, anakamata pasi, akigongwa haanguki.

Kila nikisema namtaka, wenzangu wananirukia, thamani ya nafasi anayocheza mtu, thamani ya nafasi. Sawa, lakini hakuna hata mmoja anayenieleza hiyo thamani inapimwaje. Mi naona mtu bora ni bora tu. Saquon Barkley kakimbia yadi 2,005 msimu wa 2024 akachukua Super Bowl, fainali ya ligi, na Eagles. Derrick Henry msimu huohuo kakimbia 1,921 akiwa na miaka 30. Hao si maranibeki? Sasa ubaya wake uko wapi? Nielewesheni taratibu, nitasoma kila neno.

Hesabu_Kwanza:

Mkuu swali lako ni zuri na jibu lake linaanzia kwenye pesa, siyo kwenye kipaji. Ukishaelewa jinsi mkataba wa mchezaji mpya unavyopangwa mengine yote yanajifungua yenyewe.

Zamani kila aliyechaguliwa juu alikuwa anajadiliana mshahara wake, ndo maana Sam Bradford alipochaguliwa wa kwanza 2010 alihakikishiwa dola milioni 50 kabla hajarusha hata pasi moja. Makubaliano mapya ya ligi na wachezaji ya 2011 yakabadilisha hiyo kitu, Cam Newton akachaguliwa wa kwanza mwaka huohuo na mkataba wake wote wa miaka minne ukawa milioni 22. Toka hapo mshahara unafuata NAMBA YA PIKI, haufuati nafasi anayocheza mtu. Piki ya 4 ni piki ya 4, uchukue ranibeki, uchukue teko, uchukue hata mpiga mateke, unalipa bei ileile.

Sasa hapo ndo mchezo ulipo. 2025 piki ya 4 ilikuwa na mkataba wa karibu dola milioni 44 kwa miaka minne, yaani milioni 11 hivi kwa mwaka. Jiulize, mtu bora wa nafasi hiyo nikienda kumtafuta sokoni nitamlipa ngapi? Kufikia mwisho wa Agosti 2025 ranibeki anayelipwa kuliko wote alikuwa Barkley mwenyewe, milioni 20.6 kwa mwaka. Teko wa juu, Rashawn Slater, milioni 28.5. Waidi risiva Ja'Marr Chase milioni 40 na kitu. Eji rasha Micah Parsons alivyoenda Packers, milioni 47. Kwotabeki Dak Prescott, milioni 60.

Toa 11 kwenye kila moja hapo. Ranibeki wako akiwa bora duniani amekuokolea kama milioni 10 kwa mwaka. Teko akiwa bora kakuokolea 17. Waidi 29. Eji 36. Hiyo hela unayookoa haipotei, ndo inayomlipa gadi wako wa laini, konabeki wako wa ulinzi, na kwotabeki wako akifika muda wa mkataba mkubwa. Kwahiyo watu wakisema thamani ya nafasi siyo kwamba wanamdharau ranibeki, wanasema umetumia tiketi yenye bei moja kununua kitu ambacho ungekipata sokoni kwa bei nafuu.

Tena huyu wako haji kwa bei rahisi kama watu wanavyodhani. Ashton Jeanty alichaguliwa wa 6 na Raiders 2025, mkataba karibu milioni 36 kwa miaka minne, milioni 9 kwa mwaka kabla hajagusa mpira. Kuna maranibeki wazoefu kibao wanaolipwa chini ya hapo.

LainiYaMbele:

Mi nilicheza laini ya mbele, wale wanaomkinga kwotabeki, kwahiyo ntaongelea nilichokifanya kwa mikono yangu, hesabu namwachia ndugu hapo juu.

Watu wengi wanaangalia mpira, hawamwangalii teko. Siku moja mwangalie teko wa kushoto peke yake play kumi mfululizo. Mpira unatoka, eji rasha yuko nje yako kidogo na ameshaanza kukimbia, we unatakiwa urudi KINYUMENYUME uende sawa na mtu anayekuja mbio akikutazama usoni. Mguu wa kushoto unarudi nyuma kwa mshazari, wa kulia unafuata bila kuunyanyua sana, mabega yanabaki yametazama mbele. Ukigeuza nyonga mapema ili umuwahi, anakukata ndani na imekwisha. Ukichelewa kugeuza anakuzunguka nje. Mikono inatakiwa ifike kifuani kwake kabla ya yake haijafika kwako, dole gumba juu, viwiko ndani. Hayo yote yanatakiwa yashike sekunde mbili na nusu, tatu, halafu unarudia mara 35 kwenye mechi moja na huruhusiwi kukosea hata mara mbili, maana kwotabeki anayetumia mkono wa kulia akijiandaa kurusha mgongo wake uko upande wako na hamwoni anayekuja.

Watu wenye mwili wa kilo 140 wanaoweza miguu hiyo ni wachache sana duniani. Ndo sababu hawapatikani sokoni, timu ikimpata hamwachii, ukiona teko mzuri wa kushoto yuko huru kabisa bila timu jiulize goti lake likoje. Gadi yeye ana mtu kushoto na mtu kulia wa kumsaidia, teko kule nje yuko peke yake.

We umesema mwenyewe kwotabeki ndo roho ya timu na anaangushwa upande wa kushoto. Umeshajijibu kaka.

BintiWaYadi:

Naomba nipingane kidogo na kaka zangu maana naona mnamvuta mwenzetu upande mmoja.

Thamani ya nafasi ni kitu cha kweli, sikatai, lakini imewaumiza watu wengi tu kwasababu wanachukua NAFASI badala ya kuchukua MCHEZAJI. Kumbukeni drafti ya 2013. Piki ya 2 Jaguars wakachukua teko, Luke Joeckel. Piki ya 3 Dolphins wakapanda juu kumfuata eji rasha, Dion Jordan. Nafasi zote za bei mbaya, kila mtu alisema wamefuata kanuni. Hakuna aliyefikia hata nusu ya kilichotarajiwa. Mwaka huohuo DeAndre Hopkins katoka namba 27 na Travis Kelce namba 63. Ile hesabu ya kutoa 11 kwenye 47 inafanya kazi ikiwa jamaa AMEKUWA bora. Asipokuwa bora hujaokoa milioni 36, umepoteza 11 na umepoteza miaka minne.

Na kwotabeki hivyohivyo. 2018 Cardinals walimchukua Josh Rosen namba 10, mwaka mmoja tu baadaye wakamchukua Kyler Murray namba 1 na Rosen wakamuuza. Nafasi yenye thamani kuliko zote, na ile piki ya 10 haikuwapa kwotabeki wa kudumu.

Halafu kuna Lions. 2023 walichekwa mno, walimchukua ranibeki Jahmyr Gibbs namba 12 na lainibeki, mlinzi wa katikati, Jack Campbell namba 18, wachambuzi wakawapa alama za chini kwa kosa hilihili tunaloongelea. Msimu huo wakafika fainali ya NFC, nusu moja ya ligi, uliofuata wakashinda mechi 15 kati ya 17, na Gibbs alikuwa moto. Mchezaji akiwa tofauti na wengine mchukue. Gredi 95 na 89 siyo tofauti ndogo.

Hesabu_Kwanza:

Dada hoja yako ya 2013 naikubali kabisa na ni muhimu, thamani ya nafasi haimgeuzi mchezaji mbovu kuwa mzuri.

Ila kwenye Lions umeruka kitu. Angalia walivyofika hapo. Wakati wanamchukua Gibbs tayari walikuwa na Penei Sewell, teko, waliyemchukua namba 7 mwaka 2021. Walikuwa na Aidan Hutchinson, eji rasha, namba 2 mwaka 2022. Taylor Decker teko wa kushoto raundi ya kwanza 2016, Frank Ragnow senta raundi ya kwanza 2018. Kwotabeki Jared Goff yupo. Nyumba ilikuwa na msingi na kuta na paa, Gibbs akaja kuwa ile taa nzuri ya sebuleni. Tena hawakumchukua pale walipokuwa, walikuwa na piki ya 6 wakaiuza kwa Cardinals wakashuka mpaka 12, na kwenye hiyo biashara ndo wakapata piki ya 34 iliyowaletea Sam LaPorta, taiti endi. Kwahiyo hata hao wanaotajwa kama mfano wa kupuuza thamani ya nafasi waliiheshimu, ila waliiheshimu miaka miwili kabla.

PikiYaNne yeye hana hata paa la kushoto.

PikiYaNne:

Nashukuruni sana wote, nimesoma kila neno kama nilivyoahidi.

Hii ya mshahara kufuata namba ya piki nilikuwa naijua lakini sijawahi kuiunganisha na nafasi, kwahiyo hapo nimeelewa. Ila bado nina kizunguzungu kwenye gredi. BintiWaYadi amesema kitu kilichokuwa moyoni mwangu, 95 na 88 ni mbali. Nikimwacha ranibeki akaenda kwa mwenzangu wa piki ya 6, namjua yule atamchukua tu, alafu miaka mitano nakutana naye mara mbili kila msimu ananikimbilia yadi 150. Inauma hiyo. Na pia swali lingine, mbona Barkley amefanikiwa hivyo Eagles? Si ushahidi kwamba ranibeki anabeba timu?

MzeeWaBodi:

Wanangu hamjambo. Nimekuwa nawasoma kimya kimya, mmeongea vizuri, ila hapo kwa Barkley naomba nisimame kidogo kwasababu nadhani ndo jibu lako zima mwanangu.

Rudi 2018. Giants wana piki ya 2. Eli Manning ana miaka 37, laini mbovu. Wakamchukua Barkley. Na hawakukosea juu ya MTU, mwaka wake wa kwanza alipata yadi 2,028 ukijumlisha kukimbia na kukamata, akawa mchezaji mpya bora wa ushambuliaji. Giants wakamaliza 5 kwa 11. Misimu sita aliyokaa pale waliingia mchujo mara moja tu, 2022. Mwaka 2020 mechi ya pili goti likaenda. Mkataba ukaisha, wakamfunga mwaka mmoja na tegi, haki ya timu kumzuia asiondoke, 2024 wakamwacha aende. Alipofika Eagles alikuta mateko Lane Johnson kulia, Jordan Mailata kushoto, katikati yao Dickerson, Jurgens na Becton. Mtu yuleyule, miguu ileile, mwenye miaka sita zaidi, akakimbia 2,005. Sasa nani alimbeba mwenzake hapo? Na Mailata huyo alitoka drafti hiyohiyo ya 2018, namba 233, kijana wa Australia aliyekuwa hajawahi kucheza mchezo huu, alitokea raga.

Lakini siyo hicho hasa ninachotaka kukwambia. Ninachotaka uangalie ni piki MBILI kwa pamoja. Wewe unapima 95 dhidi ya 88 kana kwamba drafti inaisha pale. Haiishi. Una 4 na una 36.

Giants walikuwa na 2 na 34. Namba 2 Barkley, namba 34 wakarudi kutafuta mtu wa laini, Will Hernandez, gadi. Namba 35, piki moja tu baada yao, Browns wakamchukua Nick Chubb. Ranibeki. Chubb akaja kukimbia zaidi ya yadi 1,000 misimu minne mfululizo, 2019 mpaka 2022. Na namba 6 mwaka huo alikuwa Quenton Nelson wa Colts, gadi aliyekuwa kikosi bora cha ligi misimu yake mitatu ya kwanza yote. Kwahiyo upande mmoja weka Barkley na Hernandez, upande wa pili weka Nelson na Chubb. Ungependa jozi ipi?

Hilo ndo swali la kujiuliza kila piki ya juu. Usiulize nani bora sasa hivi, uliza nafasi ipi itakuwa imekauka nikirudi. Teko wa 88 ukimwacha, namba 36 utapata teko wa ngapi? Ranibeki wa 95 ukimwacha, namba 36 utapata wa ngapi? Chukua karatasi uandike namba zote nne, usikisie kichwani.

LainiYaMbele:

Shikamoo mzee. Hii ya jozi sikuwahi kuiwaza hivi na nimecheza huu mchezo.

Naongezea tu kwamba Colts hawakumchukua Nelson pale walipokuwa mwanzo. Walikuwa na piki ya 3, Jets wakaitaka kwa ajili ya Sam Darnold, Colts wakashuka mpaka 6 na wakapewa piki tatu za raundi ya pili juu yake. Moja ya hizo ni namba 37, wakachukua Braden Smith aliyekuwa teko wao wa kulia kwa miaka mingi. Kwahiyo gadi namba 6, nafasi inayosemwa haina thamani ya juu, ikawa sawa kabisa kwasababu walishalipwa kwanza kabla ya kumchukua.

MzeeWaBodi:

Marahaba mwanangu. Umenikumbusha vizuri hilo la Jets.

KonaTatu:

Habari wadau, mi naongeza kitu kidogo maana nahisi ndo kinawachanganya wengi. Watu wengi tumejifunza drafti kupitia fantasi, mchezo wa kukusanya pointi za wachezaji, na kwenye fantasi ranibeki anaenda juu kuliko kwotabeki, sasa tukija kwenye umeneja wa kweli tunabeba mazoea hayo. Fikra ni ileile ila majibu yanageuka. Fantasi ya watu 12 kila mmoja anaanzisha kwotabeki mmoja, kwahiyo kwotabeki wa 12 bado ni mzuri na ukisubiri hujaumia, lakini maranibeki wanatakiwa wawili kila timu na wazuri wanaisha upesi. Kwenye timu 32 za kweli kwotabeki wa 25 ni maafa, na ranibeki wa 25 anakupeleka mpaka unashinda. Chiefs walicheza Super Bowl na Isiah Pacheco aliyetoka namba 251. Rams wameingia mchujo na Kyren Williams, namba 164.

Cha kupima siyo aliye juu peke yake, ni umbali kati ya aliye juu na yule unayeweza kumpata bila kuhangaika.

BintiWaYadi:

KonaTatu hapo umenena. Na mzee ile ya 34 na 35 imeniingia, sikuwahi kuziona hizo piki zikiwa zimekaa pamoja vile.

Bado sijaacha hoja yangu ila naiweka sawa. Gredi ndo inaanza. Ukiwa na mtu wa 95 na mwingine wa 75 hakuna nafasi duniani itakayoziba hilo pengo, ndo kosa la kina Dion Jordan, timu inataka eji rasha mpaka inajidanganya kwamba aliyepo ni 90. Thamani ya nafasi inaingia pale ambapo wachezaji wako kwenye kundi moja la ubora. Kwahiyo PikiYaNne swali langu kwako, hiyo 88 ya teko ni 88 ya kweli au umempandisha kwasababu una shida ya kushoto?

Na kuna nafasi umeisahau kabisa, waidi risiva wa 88. Bengals 2021 walikuwa kama wewe. Joe Burrow kaumia goti 2020, laini inavuja, dunia nzima inawaambia chukueni Sewell. Wakachukua Ja'Marr Chase namba 5. Mwaka huohuo wakafika Super Bowl. Lakini pia kweli isemwe, Burrow aliangushwa mara 9 kwenye mechi ya mchujo na Titans na mara 7 kwenye Super Bowl yenyewe, wakafungwa na Rams 23 kwa 20. Sewell naye kawa mmoja wa mateko bora wa ligi. Hakuna aliyekosea pale, ila kila njia ilikuwa na bei yake na Burrow ndo aliyelipa ya Bengals kwa mbavu zake.

PikiYaNne:

Dada swali lako limenichoma, kwahiyo jana usiku nilikaa nikarudia. Nikawaangalia tena mateko bila kuangalia timu yangu ina shida gani, kama vile nawapimia mtu mwingine. Teko nikampa 87. Eji rasha akashuka mpaka 85, nilipoangalia tena nikaona nusu ya mazuri yake alikuwa anacheza na mateko wadogo wasiomuweza. Waidi kabaki 88. Ranibeki kabaki 95, huyo sina mashaka naye.

Alafu nikachukua karatasi kama mzee alivyosema. Namba 36 nikiangalia bodi, ranibeki watakuwepo wawili au watatu wa 82 mpaka 84, mwaka huu wamejaa. Waidi kuna wa 80 hivi. Mateko, baada ya huyu wa 87 kuna mmoja wa 83 ambaye hatafika namba 15, halafu pengo, wanaofuata ni 70, 71, watu wa kuwafundisha miaka miwili ndo waanze.

Kwahiyo jozi ya kwanza ni ranibeki 95 na teko 71. Jozi ya pili ni teko 87 na ranibeki 83. Nilivyoziandika zimekaa hivyo kwenye karatasi nikanyamaza kabisa. Ukijumlisha tu jozi ya pili inashinda kidogo, 170 kwa 166, na hapo sijaweka hesabu ya mshahara kabisa.

Swali la mwisho basi. Mwenye piki ya 9 kaniuliza kama nashuka, ananipa ya 9 na ya 40 na ya raundi ya tatu mwakani. Nishuke?

Hesabu_Kwanza:

Ofa siyo mbaya kwenye karatasi. Ile jedwali ya zamani ya thamani za piki ya Jimmy Johnson, aliyekuwa kocha wa Cowboys, ile inayoanza piki ya 1 kwa pointi 3,000, inaipa piki ya 4 pointi 1,800, ya 9 pointi 1,350 na ya 40 pointi 500. Umeshazidi hata kabla ya kuhesabu ya mwakani. Na kwa mishahara ya sasa piki za raundi ya pili zina thamani kuliko jedwali lile linavyosema, maana ni rahisi mno na wachezaji bado ni wazuri.

LAKINI kushuka kunafaa ukiwa na majina kadhaa yanayokutosha. We kwa maelezo yako teko ni mmoja. Nani kati ya piki ya 5 na ya 8 anahitaji teko? Kama yupo hata mmoja usishuke. Kama hakuna, shuka haraka.

PikiYaNne:

Wawili. Wa 5 na wa 7. Nimeelewa mkuu.

MzeeWaBodi:

Basi kaa hapohapo mwanangu. Na ukishamchukua usiangalie nyuma ranibeki kaenda wapi.

PikiYaNne:

Wakuu nimerudi, drafti imeisha saa sita usiku.

Namba 4 teko. Kundi zima walitegemea ntataja ranibeki, simu ilipigwa mara tatu. Namba 5 yule jamaa akaniandikia kwamba nimemchukulia mtu wake, kwahiyo ningeshuka ningekosa. Ranibeki wa 95 ameenda namba 6 kama nilivyosema na sitadanganya, nilivyoona jina lake linatoka moyo uliruka.

Halafu ikaja ngojangoja ya piki yangu ya 36. Namba 31 ranibeki wangu wa 84 kaenda. Namba 34 akaenda mwingine. Nikabaki na mmoja, wa 82, na mbele yangu kuna mtu mmoja ambaye ranibeki wake ana miaka 31. Dakika nne nzima anafikiria. Akachukua sefti, mlinzi wa nyuma. Nikamchukua wa 82 hata sekunde kumi hazikuisha, ni mfupi ila anajua kumkinga kwotabeki, kwenye kumbukumbu zangu nilikuwa nimempigia mstari mara mbili kwa hilo.

BintiWaYadi asante kwa lile swali, bila hilo ningeenda na eji rasha.

BintiWaYadi:

Hongera sana! Ranibeki anayejua kumkinga kwotabeki anabaki uwanjani dauni ya tatu, jaribio la tatu la kusogeza mpira, usimtoe.

LainiYaMbele:

Hongera kaka. Huyo teko mwanzishe kushoto kuanzia wiki ya kwanza, usimpitishe kulia kwanza eti azoee. Miguu inajifunza upande mmoja, ukimgeuza katikati ya msimu itabidi aanze kujifunza kurudi nyuma upya, na kwotabeki wako ndo atakayepigwa wakati anajifunza. Na yule mzee wako wa kushoto usimwache aondoke, mpe mkataba wa mwaka mmoja akae benchi pembeni yake. Na huyo teko mpya alikuwa anatanguliza mkono gani kwanza, wa ndani au wa nje?

PikiYaNne:

Wa nje. Ngoja nikamwangalie tena.